Bakuli la Chini ya Birika

Fundi alipofika chini kabisa ya birika letu alisimamisha nyundo, akaniita kwa Kiamu: "Ndoo utazame," yaani njoo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kazi niliyopewa siku hiyo ni kubeba vifusi kwa karai hadi mlangoni, ambako punda alikuwa akingoja na shogi zake. Nikaweka karai chini, tukainama pamoja. Katikati ya sakafu ya birika, ndani ya chokaa, palikuwa na bakuli. Bakuli la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu, limezikwa mpaka ukingoni kana kwamba limeota pale. Ndani yake mlibaki maji ya kiasi cha vikombe viwili, na katika maji yale visamaki wawili, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba, wakizunguka kama hawajasikia nyundo.

Mama alilifurahia sana lile bakuli. Fundi aliling'oa kwa patasi taratibu, likatoka zima, mama akalisugua kwa majivu na ndimu, akaliweka katikati ya zidaka, vishubaka vya ukutani, za ukumbini ambako kila mgeni angeliona. Visamaki niliwatia kwenye chupa ya jemu. Waliishi siku tatu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mtu achukue bakuli zuri namna ile, la kutoka Uchina, alizike chini ya maji chooni asipoliona mtu.

Kwa asiyejua, birika ninalosema silo la chai. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika ni hodhi inayojengwa chooni kwa mawe na kupigwa chokaa. Maji hutekwa kisimani, hutiwa humo, na mwenye kuoga au kutawadha huchota kwa kata ya kifuu. Nyumba yetu ni mojawapo ya hizo, mtaa wa Mkomani, na birika lake lilikuwa na visamaki tangu kabla ya baba kuzaliwa. Sisi watoto tulivyojua, waliwekwa ili tucheze nao. Ukitumbukiza kidole wanakuja kukidonoa, ukicheka bibi anakupigia kelele kutoka nje kwamba wenzako nao wana haja.

Lilibomolewa mwaka 2002 kwa sababu ya harusi ya dada yangu. Wageni walikuwa wakija kutoka Mombasa na Malindi, na mama alikuwa na kumbukumbu mbaya. Mwaka uliotangulia, mgeni mmoja wa Mombasa alitoka chooni na ndoo tupu mkononi, akamwambia mama kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya msiba: "Dada, mna samaki mle." Mama hakusahau. Kwa hiyo tukaweka vigae vyeupe, bomba la kuogea, na pipa kubwa la plastiki la buluu lenye mfuniko. Kikawa choo cha kupendeza, na mpaka leo sina ubishi katika hilo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Lamu ilikuwa imetoka tu kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2001, na kila baraza lilizungumza kuhusu kuhifadhi nyumba za kale. Nasi tulihifadhi. Mlango wa kuchonga haukuguswa, zidaka zilipakwa chokaa upya, boriti zikapigwa rangi. Tulihifadhi vinavyoonekana mtu akisimama ukumbini.

Bibi yangu mzaa baba aliishi nyumba ya pili, iliyounganishwa na yetu kwa wikio linalopita juu ya ujia. Yeye hakubomoa chochote. Alipoambiwa kuhusu pipa alisema, "Haya. Lakini mai yalalayo yataka mwenye kuyaangalia." Sitaki kumgeuza bibi kuwa mtabiri. Alikuwa na la kusema kuhusu kila kitu kipya, pamoja na simu ya mkononi na mkate wa dukani, na mengi katika hayo alikosea.

Kisha ukaja mwaka 2004, na masika hayakuwa masika.

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka Shela, kwenye vilima vya mchanga vilivyo kusini ya kisiwa. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya yale ya chumvi. Mvua isiponyesha, safu ile hupungua, na ukivuta kwa pupa unavuta chumvi. Mwaka ule visima vya mtaani vilionja chumvi mapema, na mfereji ukawa hufunguliwa siku moja na kufungwa siku kadhaa. Tukafanya alivyofanya kila mtu. Tukanunua pipa la pili. Tukajaza ndoo, madebe, mitungi ya udongo iliyokuwa imewekwa kama pambo, na sufuria kubwa ya pilau iliyobaki tangu harusi ya dada. Ukumbi wetu ulikuwa kama duka la vyombo.

Naomba nikae hapa kidogo kwenye namna tulivyoyatumia maji yale, maana ndipo kisa kilipo. Pipa halikuwahi kukauka. Mfereji ukifunguliwa tuliongeza juu ya yaliyomo. Nani angemwaga maji mwaka kama ule ili asugue pipa? Kumwaga kungehesabiwa ufisadi. Mfuniko ulikuwapo, lakini ulikuwa mzito na mlango wa pipa mpana, na watoto walikuwa wakichota mara ishirini kwa siku, basi mfuniko ukaishia kuegemezwa ukutani. Juma la pili au la tatu maji yalianza kuwa na vitu vyeusi vyembamba vinavyojinyonganyonga, ukigonga pipa vinashuka chini vyote kwa pamoja. Viluwiluwi. Mama hakupapatika. Aliyachuja maji kwa leso ya zamani, na kilichosalia kwenye leso alikikung'utia nje kiwandani, yaani uani. Kila asubuhi, chuja, kung'uta. Ulikuwa usafi wa kweli na ulifanyika kwa bidii.

Mimi niliugua mnamo Julai, au ilikuwa Agosti, karibu na mitihani. Nililala mzima nikaamka sijui kama miguu ni yangu. Homa ilikuwa kali, lakini homa tunaijua. Hili la viungo lilikuwa geni. Vifundo vya miguu, viwiko, kila pingili ya kidole, kama mtu amevipitia kimoja kimoja kwa koleo usiku. Nilishuka ngazi kwa makalio. Siku ya pili alilala baba, siku ya nne mama, na mwisho wa juma nyumba nzima ilikuwa ikipikiwa uji na jirani, mpaka jirani naye akaanguka.

Tulimeza dawa za malaria kwa sababu ndivyo mtu wa pwani anavyofanya akiona homa. Tulishusha vyandarua jioni, tukachomeka kingo zake chini ya godoro kwa uangalifu, na ndani yake tukalala salama kabisa. Adui yetu alikuwa wa mchana. Alikuwa ameshashiba asubuhi tulipokuwa tukipiga mswaki, na alikuwa akirudi alasiri watu wakikaa barazani kunywa kahawa.

Ninalolikumbuka zaidi ni msikiti. Alfajiri viti vya plastiki, vile vinavyokodishwa kwa arusi na matanga, vilipangwa safu nzima ya nyuma, na vilikaliwa na vijana. Wanaume wa miaka ishirini na mitano, mabaharia, wapagazi wa gatini, hawawezi kurukuu. Baba alijaribu kusimama kwa kiburi chake siku moja, akainama, akabaki vile vile mpaka wenzake wawili wakamnyoosha. Muuza mkate wa mofa wa mtaani kwetu alifunga kwa muda kwa sababu vidole vyake havikuweza kubonyeza unga.

Damu ilipochukuliwa na kupimwa katika maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Nairobi, ndipo tukasikia jina: chikungunya. Redioni walilitamka kama neno la mbali, lakini ni la jirani. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952, kusini ya Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Kunja, kukunja, kungunyala. Angalia safu ile ya viti na utajua Wamakonde walikuwa wakiona nini.

Oktoba mwaka ule wataalamu walipita majumbani kuchukua damu ya watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Watatu kati ya kila wanne walikuwa na alama za ugonjwa ule. Wakakadiria kwamba watu wasiopungua 13,500 waliambukizwa katika mji wenye watu kama 18,000. Na walipotafuta sababu hawakukuta mafuriko wala madimbwi, kama ambavyo mtu angetarajia kwa ugonjwa wa mbu. Walikuta ukame. Joto, mvua iliyokosekana, na maji yaliyowekwa majumbani bila ya kubadilishwa.

Mbu mwenyewe anaitwa Aedes aegypti, mweusi, miguu yake ina pete nyeupe. Hataki maji machafu. Jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yale yakikauka hayafi. Hukaa miezi yakingoja. Ukiongeza maji juu, kama tulivyokuwa tukiongeza, maji yanayafikia, yanaanguliwa, na baada ya siku saba hadi kumi una mbu. Kwa hiyo hata ungemwaga maji yote ya pipa na kulijaza upya, bila ya kusugua kuta ungekuwa umeyapelekea tu mayai chakula kipya. Mama alikuwa akipigana na viluwiluwi kwa leso kila siku, na kila mara mfereji ulipofunguliwa tulikuwa tukiita wengine.

Baadaye nikasoma jambo lililonifanya nifunge kompyuta na kwenda kutembea. Rabai, kule bara ya Mombasa, watafiti walikuta aina mbili za mbu huyu huyu zikiishi karibu karibu. Moja ya msituni, inayotaga katika mashimo ya miti na kupendelea damu ya wanyama. Nyingine ya majumbani, inayotaga kwenye mitungi ya maji, na ukiipa nafasi ya kuchagua humfuata binadamu. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2014. Na moja ya sababu zinazotajwa za mbu wa msituni kuhamia kwa mtu ni kiangazi kirefu: nchi imekauka, maji pekee yaliyobaki ni yale aliyoyaweka mtu ndani, na karibu na maji ameketi mtu mwenyewe. Yaani mazoea ya bibi wa mabibi zetu ya kuweka akiba ya maji, jambo ambalo kila mzazi hulisifu, yalimfunza mbu kutupenda.

Sasa rudi kwenye bakuli.

Ilipita miaka mingi kabla sijajua kazi yake, na nimejua kwa njia ya aibu. Nilimpeleka rafiki yangu wa Nairobi kuona nyumba moja ya makumbusho mjini, na kijana anayetembeza wageni alikuwa mbele yetu akiwaeleza Wafaransa watatu habari za choo. Akaonyesha birika, akasema kwamba waliwekwa samaki humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Hilo nilishalikisia. Kisha akainama akaonyesha sakafuni. Bakuli huzikwa chini, akasema, ili birika likikaribia kukauka samaki wapate pa kukaa mpaka maji yatakapotiwa tena.

Nikasimama pale mlangoni. Mtu aliyejenga birika letu, miaka mia moja au mia mbili iliyopita, aliufikiria mwaka 2004. Aliufikiria mwaka ambao mvua haitakuja na maji yatashuka mpaka chini, akaona kwamba huo ndio mwaka ambao samaki wangeweza kufa wote na ndio mwaka watakaohitajika zaidi, akatoa bakuli la thamani akalizika kwa ajili ya visamaki wawili. Sisi tulilikuta na samaki wenyewe wakiwa ndani yake, wamekusanyika vile vile alivyokusudia, tukaona pambo.

Ingekuwa hadithi nzuri kama nyumba ya bibi, iliyobaki na birika lake, ingeokoka. Haikuokoka. Bibi aliugua siku sita baada yangu, na aliumwa kuliko sote. Samaki wake walikuwa hai, birika lake halikuwa na kiluwiluwi hata kimoja, nilikwenda mwenyewe kutazama kwa tochi. Mbu wanaoruka masafa mafupi tu wanatosha sana katika mji ambao ukinyoosha mikono miwili ujiani unagusa nyumba mbili. Waliotoka kwenye mapipa yetu walivuka wikio kama tulivyokuwa tukivuka sisi, wakamkuta ameketi na ukili wake. Kwa miezi saba au minane hakuweza kusuka. Tasbihi aliihesabu kwa kuiburuta juu ya paja kwa upande wa kiganja, na mpaka alipofariki kidole chake cha kati cha mkono wa kulia hakikunyooka.

Hakutulaumu. Siku niliyokwenda kumjulia hali, mimi mwenyewe nikichechemea, alichoniambia ni, "Wape visamaki chembe za wali, mimi siwezi kuinama."

Hilo linanisumbua kuliko lile la bakuli. Tabia yetu ilitugharimu sisi, lakini ilimgharimu zaidi aliyeishi kwa uangalifu. Na hakuna wakati ambapo mtu alifanya jambo la kijinga. Mama aliona haya mbele ya mgeni, ni nani asiyeona haya mbele ya mgeni? Pipa lilikuwa safi kuliko chokaa. Akiba ya maji wakati wa ukame ni busara. Leso ilikuwa usafi. Ukizipanga hatua zile moja moja mbele ya kadhi hakuna atakayoihukumu.

Wala haikuishia kwetu. Mwisho wa mwaka ule ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ulikuwa Ngazija, ambako babu zetu walikuwa wakienda kwa upepo kuoa na kufundisha. Ukaenda Réunion, kisiwa chenye watu wasiofika laki nane, na zaidi ya thuluthi yao wakaugua. Huko kirusi kikabadilika kidogo, kikawezana na mbu wa aina nyingine anayestahimili baridi. Mwaka 2006 ulikuwa India, na walioshukiwa kuugua walizidi milioni moja. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India aliufikisha kijijini kaskazini ya Italia, wakaugua watu zaidi ya mia mbili. Sidai kwamba pipa letu la buluu ndilo lililomlaza mzee wa Italia. Lakini wanaofuatilia ukoo wa virusi wakichora mti wake, Lamu ya 2004 iko karibu na shina, na mimi nilikuwepo, nikiongeza maji juu.

Miaka michache iliyopita, nilipoifanyia nyumba ukarabati, nilimwambia fundi anijengee birika. Kijana huyu ni mjukuu wa yule aliyebomoa la kwanza. Akaniuliza kama nataka la kuwekea maua, maana ndivyo wenye nyumba za wageni Shela wanavyomwagiza: birika kavu au lenye maji ya kina cha kiganja, na asumini zikielea. Nikamwambia la kuogea. Nikataka bakuli chini. Dada yangu, ambaye bakuli lilimfuata Mombasa kama zawadi ya harusi ambayo hakuna aliyeiandika, alikataa kulirudisha. Liko ndani ya kabati la kioo na ameshalizoea. Basi tukazika bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, la shilingi mia mbili na hamsini. Fundi alilifunika kwa chokaa huku akitikisa kichwa.

Visamaki nilipewa na mzee mmoja anayetunza birika la msikiti. Watano. Walikaa salama mwaka mzima. Wanangu walikuwa wakiwadonoesha vidole, nami nikipiga kelele nje ya mlango kwamba wenzao wana haja, kwa maneno yale yale, mpaka nilijisikia vibaya.

Kisha ikaja kampeni ya afya mtaani, wakagawa dawa ya klorini ya kutakasa maji, kopo moja kila nyumba. Mke wangu ni mtu wa kufuata maagizo. Siku mbili kabla ya Ramadhani alisafisha nyumba nzima, na birika alilitia vifuniko vitatu ili liwe safi zaidi ya lilivyoagizwa. Alasiri mtoto wetu mdogo akaja kuniambia kwamba samaki wamelala upande.

Nikachukua chupa ya jemu nikarudi kwa yule mzee. Alikuwa ameketi dakani akichambua mchele. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Klorini?"

"Klorini."

"Wewe ni wa nne juma hili," akasema, akaweka ungo chini, akaanza kujiinua taratibu, mkono gotini.